Jozi Tisa za Mapezi

Hesabu ilikuwa imekataa kukaa sawa tangu alfajiri, na Inspekta alikuwa mwanamke ambaye hesabu ikimgomea hata chai haimpiti kooni. Watu tisa walipanda boti jana, Jumanne, saa mbili asubuhi, kwenda kuogelea juu ya matumbawe. Watu tisa wakarudi saa saba mchana. Orodha ilikuwepo, alama za vema zilikuwepo, na nahodha alikuwa tayari kuapa kwa chochote atakachowekewa mbele. Lakini leo mmoja wa hao tisa hakuwa anaonekana popote, na boti tatu zilikuwa zikizunguka baharini kumtafuta.

"Nahodha, tuanze tena," alisema Inspekta.

"Afande, tumeanza tena mara nne."

"Basi hii iwe ya tano. Mimi sina haraka."

Uongo mtupu. Haraka alikuwa nayo hadi kwenye kucha. Nje ya chumba cha mahojiano, kwenye benchi la mbao lenye mguu mmoja mfupi, alikuwa amekaa dada wa kijana aliyepotea. Kijana huyo, ambaye dada yake alimwita Ngongoti kwa urefu wake, alikuwa amejitwika shanta mgongoni na kwenda kutembea siku tatu msituni, hifadhini, kutazama wanyama. Siku ya nne ilikuwa ya bahari. Jioni yake dada mtu alisafiri kuja kukutana naye kwenye nyumba ya wageni, akangoja mpaka chakula kikapoa, kisha akaja kituoni. Tangu hapo alikuwa ameuliza swali moja mara mbili, tena kwa upole: kama bahari ya huku huwa inarudisha watu.

Nahodha, mtu mnene mwenye shati la bluu la kazini alilokuwa amelala nalo mahabusu, aliminya macho yake mekundu.

"Aliingia majini?" Inspekta aliuliza.

"Aliingia."

"Akatoka?"

"Akatoka."

"Ulimwona kwa macho yako akitoka?"

"Niliona mapezi yake yakitoka."

Penseli ya Inspekta ilisimama. Mara nne zilizopita jibu lilikuwa "nilimwona".

"Rudia hapo."

"Afande, mtu akiwa majini hana sura. Ana mgongo na mrija wa kupumulia, basi. Wote wametazama chini, wote wana miwani nyeusi. Ukihesabu vichwa utamhesabu mmoja mara mbili, na mwingine humpati kabisa. Ndiyo maana sisi tunahesabu mapezi, haya ya mpira ya kuvaa miguuni. Kila mteja na rangi yake. Akipanda botini anavua, anatumbukiza kwenye pipa. Jozi tisa zikitimia pipani, nawasha injini naondoka. Miaka kumi na mbili nafanya hivyo, sijawahi kuacha mtu."

"Kijana huyu alikuwa na rangi gani?"

"Machungwa. Ndiyo saizi kubwa kuliko zote. Mtu anapokata tiketi anaandika na saizi ya mguu, kwa hiyo anayakuta yamemngoja."

"Na jana usiku koplo alikuonyesha picha yake ukasema ndiye."

Nahodha alimtupia jicho koplo aliyekuwa amesimama mlangoni. "Koplo aliniambia, 'Huyu ndiye aliyepanda boti yako.' Nikasema ndiye. Mimi ni nani nimbishie askari aliyeshika pingu?"

Koplo aligundua ghafla kwamba dari la chumba kile lilikuwa na utando wa buibui, akautazama kwa bidii.

Walipotokea koridoni, koplo alijitetea kwa kuleta nadharia. Alikuwa nazo nyingi na hakuwa mchoyo. "Afande, kama boti ilirudi na watu tisa, basi kijana alifika nchi kavu. Akifika nchi kavu na asionekane, amejificha. Ana jambo analolikimbia."

"Na yule mteja mwingine wa boti uliyemhoji, alisemaje kuhusu mwenye mapezi ya machungwa?"

Koplo alifunua daftari. "Alisema huyo wa machungwa hakuongea na mtu. Aliogelea karibu na boti tu, ameng'ang'ania kamba. Alipomwona kasa alipiga kelele ndani ya mrija mpaka akapaliwa."

Dada mtu, aliyekuwa ameinuka kwenye benchi waliposogea, alikunja uso. "Aling'ang'ania kamba? Ngongoti? Mama, mdogo wangu huyo ameogelea tangu ana miaka mitano. Sisi tulikuwa tunamfokea atoke majini, siyo aingie."

"Hana ugomvi na mtu? Hana jambo analolikimbia?" aliuliza Inspekta.

"Anamkimbia nani?" Sauti ya dada ilipanda. "Ni mtu wa ndege huyo. Anaweza kukaa siku nzima anatazama ndege mmoja. Watu wa namna hiyo wana ugomvi na nani?"

Muogeleaji hodari anayeng'ang'ania kamba. Mtu aliyerudi ambaye hajarudi. Inspekta aliona kichwa chake kimejaa kama droo ya jikoni, kila anachokigusa kinavuta kingine. Kitabu cha geti la hifadhi nacho hakikusaidia: jana saa kumi na mbili na nusu asubuhi, gari la kambi ya msituni lilitoka na watu wawili, mpishi ambaye ndiye dereva, na mgeni. Kila karatasi ilikuwa imenyooka. Mtu tu ndiye hakuwepo.

"Twende tukayaone hayo mapezi," alisema. "Na wewe njoo, mwanangu. Usibaki hapa peke yako."

Stoo ya vifaa ilikuwa mwanzoni mwa gati, chumba kirefu chenye harufu ya mpira na chumvi. Miwani ilining'inia ukutani kwa misumari, mirija imepangwa kwenye kreti, na mapezi yamefungwa jozi jozi kwa rangi. Mama wa stoo alikuwa na mdomo usiojua kupumzika. Kabla hawajaketi walikuwa wameshajua kwamba nahodha ni mtu mzuri, kwamba koplo alimkamata bila hata kumwacha avae viatu, na kwamba yeye mwenyewe magoti yanamsumbua.

"Ya machungwa," Inspekta alimkatiza.

"Haya hapa. Nimeyaosha kwa mkono wangu. Na kitambaa chake nacho nimekifua, nimekianika pale. Mimi situpi kitu cha mteja."

"Kitambaa gani?"

"Kilikuwa ndani. Hiki kisiginoni huku, na mwenzake kisiginoni kule. Watu wenye miguu midogo hufanya hivyo, pezi likimvuka."

Inspekta aliviondoa kwenye kamba. Vilikuwa vitambaa viwili vya pamba nzito, vimeshonwa mikunjo minne. Kila kimoja kilikuwa na alama ya kuungua pembeni, nusu duara ya rangi ya kahawia. Alinusa, akapata harufu ya sabuni peke yake.

"Hivyo ni vya kushikia sufuria," alisema mama wa stoo, akimshangaa askari mzima asiyejua kitu cha wazi hivyo. "Hiyo alama ni ukingo wa sufuria ya moto. Kwangu ninavyo kama hivyo."

Inspekta alimgeukia dada mtu. "Mdogo wako anavaa namba ngapi?"

"Arobaini na sita. Shuleni alitembea na ndala mwaka mzima, viatu vya saizi yake havikuwepo madukani."

"Shika haya. Yangemtosha?"

Dada aliingiza mkono wake ndani ya pezi, akapima kwa viganja kama apimaye nguo ya mtoto. "Yangembana. Angelalamika njia nzima, namjua." Kisha mkono wake ukatulia ndani ya mpira. "Sasa aweke vitambaa vya nini?"

Hata mama wa stoo alinyamaza, jambo ambalo kwa kila dalili halikuwa la kawaida.

"Hakuwa yeye," dada alinong'ona. "Mama, aliyevaa haya hakuwa yeye."

"Hakuwa yeye."

"Basi hajazama!" Alicheka na kulia kwa pamoja, akamshika Inspekta mkono. "Hajazama! Sasa yuko wapi?"

"Sijui," alisema Inspekta, na lilikuwa neno la kweli kuliko yote aliyosema siku hiyo. Saa moja iliyopita alikuwa anajua angalau bahari gani ya kutafuta. Sasa hata bahari alikuwa amenyang'anywa.

Koplo alinyanyua redio. "Niziite boti zirudi?"

"Ziite mbili. Moja ibaki. Bado sijajua ninachokijua."

Alisimama pale mlangoni akifikiri kwa sauti, kidole kwenye kitambaa. Mtu mwenye mguu mdogo alipanda boti kwa tiketi ya Ngongoti. Hakuiokota njiani, maana alifika kwa wakati, akaitikia jina, akajua rangi yake. Alipewa. Alikuwa mtu asiyejua kuogelea vizuri lakini aliyetaka sana kuona. Na alikuwa na vitambaa vya kushikia sufuria, siyo kimoja, viwili, kama mtu ambaye hawezi kutoka nyumbani bila hivyo.

"Nani alikuwa wa mwisho kuwa na kijana?" aliuliza.

"Mpishi wa kambi," alijibu koplo. "Ndiye aliyemleta mjini. Kwenye maelezo yake anasema alimshusha hapa gatini akaendelea na safari." Alisita. "Mpishi," alirudia, polepole.

"Afadhali umefika, koplo. Tulikuwa tunakungoja."

Ua wa kampuni ya matembezi ulikuwa na mahema yameanikwa kwenye uzio na masufuria yamepangwa juani. Mpishi, mwanamume mfupi wa miaka thelathini na kitu, alikuwa amechuchumaa akisugua sufuria ambayo ilishang'aa zamani. Aliwaona, akaendelea kusugua. Mikononi alikuwa na michubuko mipya ya miiba.

"Habari za kazi, kaka," alisema Inspekta.

"Nzuri, afande. Nilishatoa maelezo kwa simu."

"Nimeyasoma. Simama kidogo, tafadhali. Geuka."

Mpishi alisimama, akageuka. Alikuwa amevaa ndala, na visigino vyote viwili vilikuwa na plasta. Inspekta aliviweka vile vitambaa viwili juu ya sufuria safi.

"Vyako?"

"Vitambaa vya hivi viko vingi, afande."

"Ndiyo. Na visigino?"

Mpishi alitazama vitambaa, akatazama mlango wa ofisi ya mwajiri wake kule mbele, halafu akamwona dada mtu. Alimwona vizuri, ule urefu na yale macho, akajua ni nani. Akakaa chini kwenye saruji yenye maji.

"Kweli amezama?" aliuliza. "Niambieni. Maana mimi sielewi. Wanasema amezama, na mtu mwenyewe hakuwahi hata kushuka huku!"

"Wewe tuambie ulimwacha wapi."

"Kambini, msituni." Maneno yalimtoka kwa fujo. "Nimewapikia watu miaka saba, afande. Wanatembea msituni, siku ya mwisho nawaleta gatini wanakwenda kuona matumbawe. Wakirudi wanasimulia. Nawauliza, kasa ana ukubwa gani? Wanafungua mikono. Kila mtu anafungua upana wake. Mfanyakazi haruhusiwi kupanda boti ya wageni, ukionekana kazi huna. Juzi jioni kijana akaniambia, 'Kaka, chukua tiketi yangu. Mimi nimepata kitu changu hapa.' Alikuwa ameona hondohondo, ndege wale wenye mdomo mkubwa, ng'ambo ya korongo. Jike limejiziba ndani ya tundu la mti, dume linamlisha kwa mdomo kupitia ufa. Alikuwa kama amechanganyikiwa kwa furaha. Akasema samaki anawajua, hilo hajaliona."

"Mgeni haruhusiwi kubaki hifadhini bila kiongozi."

"Haruhusiwi. Getini nikasema tuko wawili, mgeni amelala kiti cha nyuma. Askari akaandika wawili. Hakuinuka kuangalia, tunajuana."

"Ukarudi saa ngapi?"

"Saa tisa. Tulikubaliana anisubiri kambini. Sikumkuta. Na shanta lake halikuwepo, wala kamera. Alishaniambia akipita kundi la watembeaji atatoka nalo kwa geti lile jingine. Nikasema basi, ametoka nao." Alijifuta uso kwa mkono wenye povu. "Leo asubuhi nasikia sokoni kwamba mgeni wangu amezama. Nikahisi kichwa kinazunguka. Nikawasha gari nikarudi kambini, nikaita mpaka sauti ikaniishia. Nikasema labda alishuka mwenyewe jioni, akaingia baharini peke yake. Nilijiambia kila kitu, afande."

"Ulijiambia kila kitu isipokuwa polisi." Inspekta alikuwa na hasira, na hakuificha. "Mtu amelala mahabusu kwa ajili yako. Boti tatu zimetafuta tangu alfajiri mahali ambapo kijana hajawahi kukanyaga. Korongoni ulishuka?"

"Niliita kutoka juu, upande wa kambi tu. Kushuka peke yangu sikuthubutu."

Dada mtu alisema, bila kupaza sauti, "Kaka, inuka. Utatuonyesha njia."

Koplo alibaki nyuma dakika mbili kupiga simu: nahodha aachiwe, boti ya mwisho irudi. Inspekta alipiga ya kwake garini, kwenye kibanda cha geti la hifadhi. Askari wa zamu alipokea, akasema kitabu kinaonyesha wageni wote walitoka jana, magari yote, majina yote. Hata geti la pili, hakuna kundi la watembeaji lililopita.

"Kitabu kimedanganywa," alisema Inspekta. "Kuna mtu ndani. Usiku hamkusikia chochote?"

"Hakuna, afande. Perere tu."

"Yule mnyama wa mtini? Anayelia kama mtu anayekabwa?"

"Huyo huyo. Jana alilia karibu usiku mzima, upande wa korongo. Mpaka tukamcheka, tukasema huyu leo amefumaniwa." Askari alicheka tena kidogo, kwa kukumbuka. Halafu kicheko kikamfia. "Afande..."

"Huwa wanalia upande ule?"

"Huwa wanakaa juu," alisema askari. "Kwenye miti mikubwa. Korongoni hakuna miti mikubwa."

"Chukua kamba na machela. Tunakuja."

Dada hakuwa amesikia upande wa pili wa simu, na hakuna aliyemweleza. Mpishi aliendesha gari ameng'ang'ania usukani, na kila kona alisema "karibu tunafika" hata pale ambapo hawakuwa karibu na kufika. Ilikuwa saa sita na nusu waliposimama kambini, mahali peupe penye majivu ya jiko na alama za mahema kwenye nyasi. Askari wa hifadhi, yule aliyepokea simu, alikuwa ameshafika. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na hakumtazama yeyote usoni.

Walimfuata mpishi kwa miguu, robo saa, kwenye njia iliyobana. Kisha miti ikaisha na ardhi ikakatika. Korongo lilikuwa na kina cha nyumba mbili zilizopandana, pande zake udongo mwekundu, chini vichaka na mawe. Ng'ambo kulikuwa na mti mmoja mkavu, na ndege mkubwa mwenye mdomo uliopinda alikuwa ameparamia shina lake, anaingiza kitu kwenye ufa, anatoa kichwa, anaingiza tena. Ukingoni, hatua chache kutoka walipokuwa, Inspekta aliona mahali udongo ulipomeguka upya, mapana ya mtu aliyelala kifudifudi.

Aliinua mkono watu wanyamaze. Alikuwa na maswali mengi ya kuandika: alianguka saa ngapi, shanta liko wapi, kwa nini mpishi hakuuona mmeguko huu asubuhi. Hakuandika hata moja.

"Ngongoti!" dada aliita.

Ndege aliruka akaenda zake. Dada akaita tena, jina lile lile, na mwisho wa jina sauti ilimkatika.

Kutoka chini, mbali, nyuma ya mawe, ikaja sauti nyembamba, ya kukwaruza, isiyokuwa na neno ndani yake. Ikapanda, ikakatika, ikapanda tena. Koplo alirudi nyuma hatua moja. Ingeweza kuwa chochote. Inspekta alimgeukia yule askari mwenye mvi, kwa kuwa ndiye pekee pale aliyezijua sauti za msitu huo.

Askari alikuwa ameuma midomo na machozi yanamtiririka. Alitazama juu, jua lilikuwa utosini.

"Perere halii mchana," alisema, akaanza kufunga kamba kiunoni.

Dada mtu hakungoja kamba. Alikuwa ameshakaa kwenye ukingo, ameshaachia mikono, anaserereka na udongo kwenda chini.